Tarakimu ya Ishirini

Wiki nzima mmenitumia ujumbe, wengine kwa adabu na wengine kwa matusi, mkiuliza jambo moja: Allen amekufa au hajafa? Mimi sijibu kwa simu. Someni.

Tulimwacha Penina Nanyaro kwenye kiti chake, chumba cha huduma kwa wateja cha shirika la umeme, Arusha mjini, saa tisa na dakika kumi alasiri. Sikio la kulia lilikuwa na hedfoni ya kazini. Sikio la kushoto lilikuwa na simu yake mwenyewe, na kwenye simu hiyo alikuwamo mchumba wake.

"Peni, hebu niangalizie, umeme wa huku Tengeru unarudi saa ngapi?" Allen alikuwa amemwuliza. "Niko darini. Nyaya nimezishika mikono miwili, simu nimeibana na bega. Nataka kujua kama muda ninao."

Penina alitazama kompyuta. Tengeru yote ilikuwa na umeme.

"Nani kakwambia umekatika?"

"Mwenye nyumba. Mama Sabina."

Hapo ndipo tulipoachana, na hapo ndipo jasho jembamba lilipomtoka Penina. Maana dakika tatu tu kabla ya hapo alikuwa amemhudumia Mama Sabina huyo huyo, mjane wa miaka sabini na ushei, mwenye bustani ya maua nyuma ya soko la Tengeru. Mama alipiga akilalamika kwamba umeme umekatika. Penina, kama alivyofundishwa, akauliza: "Umekatika mama, au umeisha?"

Wewe msomaji unacheka. Usicheke. Umeme ukikatika, umekatika kwa mtaa mzima, na unarudi shirika likitaka. Ukiisha, ni uniti zako tu kwenye luku, ile mita ya kulipia kabla, zimekwisha, na unarudi sekunde ile ile utakayomaliza kubonyeza namba. Lakini Mama Sabina Kiswahili alikikuta ukubwani, Kimeru ndicho cha nyumbani, na kwake yeye umeme una neno moja: umekatika. Ndivyo alivyomwambia Penina. Ndivyo alivyomwambia na fundi. Penina aliuliza swali la pili, fundi hakuuliza.

"Kumbe umeisha," mama alikuwa amesema, akacheka. "Basi binti yangu wa Dodoma ataninunulia sasa hivi. Nataka umeme uwahi kurudi, mwanangu. Fundi wangu yuko gizani huko juu, namwonea huruma."

Na Penina, kwa upole wote wa kazi yake, akamwelekeza: namba ishirini, mama, nne nne, taratibu, halafu kitufe cha kukubali.

Yaani alikuwa amemfundisha bibi wa watu jinsi ya kumuua mchumba wake.

"Allen! Achia nyaya! Umeme haujakatika, ume..."

Paa! Simu iliponyoka begani mwa Allen ikapiga ubao wa dari. Ikakata. Penina akapiga tena. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani.

Akapiga kwa Mama Sabina. Namba unayopiga inatumika kwa sasa.

Bila shaka inatumika! Binti wa Dodoma yuko hewani, anamsomea mama yake tarakimu.

Penina akasimama, kiti kikaanguka. "Bosi! Bosi Jamaludin!"

Jamaludin, msimamizi wa zamu, alikuwa mtu mzito wa mwili na mwepesi wa akili. Hakuuliza mara mbili. Akanyanyua simu ya chumba cha mitambo, akaomba laini ya Tengeru izimwe, akasikiliza, uso ukamshuka.

"Dakika nane," akasema. "Kuna kituo cha afya kwenye laini ile, lazima wawashe jenereta yao kwanza. Na gari letu la dharura liko Momela, mti umelalia nyaya."

"Dakika nane hatuna!"

"Najua hatuna."

Kijana wa siku hizi anabonyeza namba ishirini huku anatafuna mahindi, nusu dakika amemaliza. Kilichomweka Allen hai mpaka saa hiyo ni kwamba Mama Sabina alisahau miwani yake kanisani Jumapili.

Twendeni Tengeru kidogo. Mama amekaa sebuleni, rimoti ya luku mapajani, simu ya vitufe imebanwa kwenye kilemba.

"Saba," binti anasoma. "Nne. Sifuri. Tisa."

"Umesema sita?"

"Sifuri, mama! Duara!"

"Mbona unanifokea? Sita nayo si ina duara?"

Amebonyeza sita. Amefika mwisho, amekubali, rimoti imelia kwa hasira. Imekataa.

"Umekosea, mama. Anza upya."

Anaanza upya. Na juu ya kichwa chake, kwenye vumbi na kinyesi cha popo, Allen anapiga mluzi. Simu imekufa, atainunulia kioo kesho. Umeme si umekatika? Anauma ganda la waya kwa meno, analitema, anaendelea.

Kwa meno, jamani.

Mjini, Penina alikuwa amepata akili. Akafungua orodha ya wateja wanaokula umeme kwenye nguzo moja na Mama Sabina. Jirani wa kwanza: Nathanael, mwinjilisti mstaafu, nyumba inayopakana. Akapiga kwa simu ya kazini. Ikaita mara moja, mara mbili, mara tano.

"Haloo."

"Shikamoo baba!"

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Penina, baba, napiga kutoka shirika la umeme. Nisikilize..."

"Hujambo?"

"Sijambo. Baba, tafadhali..."

"Na hapo kazini hawajambo?"

"Hawajambo! Baba, kuna mtu anakufa!"

"Sasa si ungesema tangu mwanzo," mzee akasema. "Nani anakufa?"

"Fundi aliye kwa Mama Sabina. Kimbia sasa hivi, mwambie mama asiingize luku. Asiguse kile kirimoti kabisa!"

Mzee akacheka, kicheko cha mtu aliyemkamata mwizi kwenye kibanda cha kuku.

"Binti, umekosea nyumba. Nyie wa shirika mlikuja wenyewe hapa kwenye mkutano wa kijiji. Mkatuambia: wazee, mtu akiwapigia simu akasema yeye ni wa shirika, akawatuma kufanya hiki na hiki kwenye luku, huyo ni kishoka, kateni simu. Mimi nilikaa mstari wa mbele."

Kishoka, kwa mliozaliwa jana, ni fundi wa uongo. Ana kofia ngumu, ana ngazi, ana maneno matamu, hana leseni. Nyumba yako ataisuka waya kwa bei poa, na siku itakapoungua hutampata hata kwa mganga.

"Baba, huo ushauri ni wa kweli, lakini leo..."

"Leo ndiyo siku yake! Haya, kama wewe si kishoka, nipe namba yako ya kazi. Hilo nalo mlitufundisha."

"Nne, tisa, moja, saba, mbili," Penina akasema mbio mbio. "Iandike, kaulize popote, lakini kwanza kimbia!"

Akasikia karatasi zikifunuliwa. Mzee alikuwa hakimbii. Mzee alikuwa anasoma.

"Nne, tisa, moja, saba, mbili," akarudia polepole. "Hii ninayo. Nimeiandika kwenye jalada la kitabu cha nyimbo. Jana nilimwomba kitambulisho yule fundi wa Mama Sabina, akasema amekisahau nyumbani, akanitajia namba hii. Akasema ni yake. Sasa mmekuwa wawili kwenye namba moja? Ni genge?"

Penina alipigwa na butwaa kama mtu aliyemwagiwa maji ya mto Themi asubuhi.

Yote yalimrudia: ofisi ya Allen ya Sokon One, ambayo kila Penina akitaka kwenda kuiona anaambiwa inapakwa rangi. Leseni ya ukandarasi, ambayo eti bado inatiwa fremu. Na ile jioni Allen alipokishika kitambulisho cha Penina mkononi, akakitazama muda mrefu, akasema hata kwenye picha ya kazini, Peni, wewe mzuri. Kumbe hakuwa anatazama picha.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na Penina nguo hiyo alikuwa ameishona mwenyewe. Jumamosi hii kina Allen walikuwa wanaleta posa.

Alimchukia. Alimpenda. Vyote viwili vilimjia kwa pamoja na vyote vilikuwa kweli, na mwenye kuniambia haiwezekani basi hajawahi kupenda.

Akahisi mtu nyuma yake. Jamaludin alikuwa amesimama, amevaa hedfoni ya pili, amesikia yote. Taa nyekundu ndogo juu ya meza ilikuwa inawaka, maana simu zote za chumba kile hurekodiwa. Penina angeweza kusema simjui. Angeweza kukata simu na kusubiri zile dakika nane, na kazi yake ingebaki. Namba imeibwa, mwizi amekufa, nani angeuliza?

Miaka sita ya kazi. Penina akavuta pumzi.

"Baba Nathanael, wewe uko sahihi," akasema. "Huyo ni kishoka. Namba ni yangu mimi, ameiiba. Ameiiba kwa sababu ni mchumba wangu, nikakiacha kitambulisho mezani. Nimejua sasa hivi, kwako. Ukitaka kesho nitakuja hapo Tengeru unitukane mbele ya kijiji. Lakini ameshika nyaya mikono miwili, baba, anaamini umeme umekatika, kumbe umeisha tu. Mwache afungwe. Mwache anitie aibu mpaka nihame mji. Ila asife, nakuomba, asife."

Wenzake kumi na mmoja walikuwa wamegeuka na viti vyao.

Upande wa pili, kitabu cha nyimbo kilifungwa.

"Kishoka hawezi kujisema hivyo," mzee akasema. "Nifanye nini?"

"Mama anaweza asikusikie, yuko kwenye simu. Usibishane naye. Shusha swichi kuu! Ni boksi ukutani, lina mkono mmoja. Unajua la kwake liko wapi?"

Na wewe msomaji, la kwako liko wapi? Nyuma ya kabati? Umelitundikia makoti? Haya.

"Lipo nyuma ya kalenda ya Usharika," mzee akasema. "Ile kalenda nilimpa mimi. Niliona alivyoitundika, nikanyamaza."

Akaitia simu mfukoni ikiwa hewani. Penina akasikia mlango, akasikia kuku wakikimbia, akasikia miguu ya mtu wa miaka sabini na minne ikipiga mbio kwenye migomba, na pumzi, na jina la Yesu kila hatua ya tatu.

Halafu sauti ya mwanamke, kwa mbali, ya furaha kabisa:

"...mbili. Enhe. Nane. Enhe. Hiyo ya kumi na tisa. Bado moja, siyo?"

"Mama Sabina!" Nathanael akapaza sauti. "Usibonyeze!"

"Nani?"

"Acha hicho kidude!"

"Wewe mzee, unaingia kwangu bila hodi, unanikataza luku yangu?" Na kwa binti yake: "Ngoja, Nathanael ameingiwa na wazimu. Ehe, ya mwisho?"

"Tano," sauti ndogo ya Dodoma ikasema.

Karatasi ikachanika. Miezi yote kumi na miwili na aya zake ikaenda chini.

"Tano," Mama Sabina akasema, akabonyeza, akakubali.

Na katika sekunde hiyo hiyo: kaa!

Penina alifumba macho. Alisubiri kishindo cha mtu kuanguka darini. Alisubiri ukelele. Alisikia rimoti ikilia kwa ulaini, mlio wa kukubali. Imekubali! Uniti zimeingia!

Kimya.

"Mbona taa haziwaki?" Mama Sabina akauliza. Halafu akaghadhibika. "Si mmeona? Umekatika tena!"

Safari hiyo, kwa mara ya kwanza siku nzima, alikuwa amesema sawasawa. Nathanael alikuwa amening'inia kwenye mkono wa swichi kuu kwa mikono yake yote miwili, umeshuka mpaka chini, na hakuwa tayari kuuachia hata angekuja askofu.

"Nimeshusha," akahema. "Binti, nimeshusha."

Penina akakaa sakafuni, maana kiti kilikuwa bado kimeanguka, akalia mbele ya watu bila aibu yoyote.

Kelele zile zilimfikia hata Allen. Akateremka ngazi akiwa mweupe kwa vumbi, utando wa buibui kwenye nywele, waya uliomenywa kwa meno bado unaning'inia mfukoni. Akamkuta mwinjilisti amekumbatia ukuta na kalenda iko sakafuni.

"Vipi tena, wazee wangu?"

"Ongea na mwenye namba yako," Nathanael akasema, akampa simu.

"Haloo?"

"Allen," Penina akasema. Alitaka kumwambia kwamba yuko hai, kwamba ilibaki tarakimu moja. Alitaka aanze yeye.

Na alianza.

"Peni? Umewaambia nini?"

Si asante. Si nini kimetokea. Umewaambia nini! Penina aliyasikia maneno hayo mawili, na lile pendo alilokuwa amelilia sekunde chache nyuma likamtoka bila hata kuaga.

Jamaludin akainama kwenye kipaza sauti. "Kijana, mimi ni msimamizi wake. Umesuka nyumba ngapi kwa namba hii?"

"Sielewi unazungumzia..."

"Polisi watakuja na maswali yao, mimi siyo polisi. Nakuuliza kwa sababu ndani ya nyumba hizo kuna watu. Ngapi?"

Allen akatazama mlango. Mama Sabina alikuwa amesimama hapo na jembe la bustani, na sasa alikuwa ameelewa Kiswahili chote.

"Saba," Allen akasema.

"Zina waya wa ardhi?"

Ule waya wa kijani, msomaji, unaoingia kwenye udongo. Kifaa kikiharibika, umeme unapita hapo kwenda chini. Usipokuwapo, utapita kwa yeyote aliyekishika.

Allen akajifuta vumbi usoni. "Hazina. Waya ule ni ghali. Hakuna anayeuangalia."

"Zitaje," Penina akasema. Alikuwa amenyanyuka, amepata kalamu. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nyumba moja moja."

Akazitaja. Mbili za Sokon One, jirani na jirani. Moja Usa, ya mwalimu. Moja Moshono. Moja Kikatiti, ya mwenye mashine ya kusaga. Na hii ya Mama Sabina. Penina akaandika, Jamaludin akizirusha kwenye simu nyingine kwa mafundi wa zamu, kila moja na mtaa wake, watu waambiwe wazime swichi kuu na wasiguse kitu.

"Hizo ni sita," Penina akasema. "Umesema saba."

"Peni..."

"Ya saba, Allen."

"Nilitaka kurudi niimalizie. Haki ya Mungu, nilitaka kurudi wiki hii kabla ya posa. Waya uliniishia, na mama alikuwa na hamu na jiko lake jipya la umeme, akanihimiza, nikaona siyo vizuri kumkatalia..."

"Mama nani?"

Kalamu ikamtoka Penina mkononi.

Alhamisi iliyopita mama yake alimpigia simu kutoka Nkoaranga, akajisifu nusu saa nzima: mkwe wangu amekuja, amenifungia jiko, hajataka hata chai.

Penina hakuaga. Akaipata simu yake chini ya meza, akapiga. Ikaita. Ikapokelewa mara moja, na mama hakumpa nafasi ya kufungua mdomo.

"Afadhali umepiga! Hebu mwambie mwenzio jiko lake leo lina utani, kila nikiligusa linanitekenya vidole. Ngoja kidogo, maharage yamefurika, maji yamejaa jikoni, nitoe sufuria kwanza."

"Mama, usiliguse! Mama!"

Simu ilikuwa imeshawekwa mezani. Penina akazisikia hatua zikienda, zikikanyaga maji, taratibu, hatua za mtu aliye nyumbani kwake. Alisikiliza kandambili, maana mlio wa kandambili za mama yake anaujua tangu utoto.

Hakuzisikia. Mama alikuwa pekupeku.